Kilo Kumi za Chuma kwa Mashine ya Vifaru

Elieth hajui kukaa. Wateja wake wa Kashai, mjini Bukoba, wanasema hata akiwa kwenye cherehani, mguu uko pedalini lakini shingo iko mlangoni. Ukimpelekea kitambaa atakipima mara mbili, atakikunja, kisha atakuuliza, "Nyumbani kwenu hakuna gemu ya zamani? Ya kaseti? Hata mbovu?" Mtu amekuja kushonewa gauni la harusi ya mdogo wake, anaulizwa habari za gemu!

Chini ya meza yake ya kukatia kuna sanduku la bati kama lile la wanafunzi wa bweni. Ndani zimo kaseti sitini na moja, zile za plastiki zinazochomekwa juu ya mashine, na mashine nne, na nyaya zilizosokotana kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Nyingine ni za watu waliokuja likizo ya Krismasi kutoka Dar es Salaam wakazisahau makabatini. Moja aliikuta kwenye banda la kuku, imetagiwa yai juu yake. Elieth ana miaka arobaini na tatu. Wanawe wawili hawazitaki, na yeye mwenyewe hazichezi sana. Anazifuta vumbi, anazipanga, halafu anazipangua. Ukimuuliza zina faida gani, anajibu, "Ngoja kwanza niipate yenyewe."

Hiyo yenyewe ni mashine ya kijivu ambayo baba yao aliileta kutoka Kampala, Elieth akiwa darasa la tano. Nyumbani kwao ni karibu na Rubya, kule Muleba, na siku hizo umeme ulikuwa haujafika, basi baba aliwasha televisheni kwa betri ya gari na watoto wa kijiji wakajazana kucheza vifaru vya vita. Sheria ilikuwa moja tu: ukifa, unampisha mwenzako. Tatizo ni kwamba Elieth alikuwa hafi. Kifaru chake kilijificha nyuma ya ukuta, kikazunguka, kikapiga, kikajificha tena, mpaka wavulana kwenye foleni wakachoka na mmoja akapiga kelele kuelekea jikoni, "Mama Josia! Ndizi hazijamenywa!" Hapo mama angemwita akamenye, na Elieth angekabidhi kifaru kikiwa hai. Hicho ndicho kilichomkaa rohoni. Wenzake waliondoka kwa sababu wamekufa. Yeye aliondolewa akiwa mzima, na mwisho wa ile gemu hajauona hadi leo.

Baadaye mashine ikapotea. Mama alisema hajui ilipo. Josia, kaka yake, alisema labda baba aliigawa. Wazazi wakafariki, mmoja baada ya mwingine, na Elieth akaanza kuokota za watu wengine.

Sasa Jumamosi moja asubuhi simu ikalia. Alikuwa Nancy, mke wa Josia.

"Wifi, tunabomoa jiko la zamani. Kule darini juu ya moto, mama alikokuwa akivundika ndizi, tumekuta kale kamashine kenu."

Elieth akasimama. "Juu ya moto?"

"Alikafunga kwenye majani ya mgomba. Nakumbuka alikuwa anasema unyevu unaua vitu vya umeme. Basi kamekaushwa miaka yote hiyo kama ndizi za pombe!"

"Kako wapi sasa hivi?"

"Kaka yako ameshampa mtu wa chuma chakavu. Tumepata beseni. Yuko uani, anafunga mzigo."

"Nancy! Mtu huyo asiondoke!"

"Nimzuieje, jamani waitu? Nimfunge kamba?"

"Teleka ndizi! Mwambie ziko motoni. Mgeni gani anaondoka chungu kikiwa motoni?"

Akakata simu. Mbele yake mteja mmoja, Restituta, alikuwa amesimama na gauni lenye mkono mmoja na pini kumi na mbili. "Usiinue bega," Elieth akamwambia, akachukua mkoba, akatoka. Alipanda basi mpaka Muleba mjini, na njia nzima aliomba ndizi za Nancy ziwe ngumu kuiva. Kutoka pale alichukua bodaboda. Kila mlima akamgonga dereva begani: "Ongeza, baba, ongeza!"

Alikuta mtu wa chuma chakavu, Lukmani, amekaa kwenye mkeka uani, ameshiba, sahani iko mbele yake. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani na gunia nyuma. Juu ya gunia, nyeusi tii kwa moshi, ilikuwa mashine.

"Rudisha, nikurudishie beseni lako," Elieth akasema, hata salamu hakutoa.

"Beseni limeshafuliwa nguo, Ma," Lukmani akajibu. "Sichukui kitu kilichotumika."

"Nitakulipa."

"Hela nitazila njiani. Tajiri wangu anangoja uzito. Humo ndani mna shaba, na shaba siyo mchezo. Nipe kilo kumi za chuma, uchukue."

Elieth akaingia ndani kama askari wa upekuzi. Akatoka na pasi ya mkaa isiyo na mfuniko, shoka lisilo na mpini, makufuli matatu yaliyokufa, bawaba, nondo fupi. Lukmani akavining'iniza kwenye mizani. Kilo tisa na kidogo. Elieth akarudi ndani, akaona nyuma ya mlango jembe lililolika mpaka likabaki kama kiganja. Akalitoa.

"Hilo rudisha," Josia akasema. Tangu dada yake afike alikuwa amekaa tu kwenye kigoda pale uani.

"Kwa nini?"

"La mama."

"Halilimi, kaka!"

"Najua halilimi."

"Sasa lina kazi gani?"

Josia akaangalia miguu yake. "Huwa nalishika tu," akasema.

Elieth akaligeuza lile jembe mara moja, akaona mpini ulivyong'aa pale mkono ulipokuwa ukikaa, akalirudisha mwenyewe nyuma ya mlango.

"Nyinyi familia nzima mna ugonjwa mmoja," Lukmani akasema.

Josia akainuka. Alienda moja kwa moja hadi kwenye geti, akang'oa komeo la chuma, akaja kulitundika kwenye mizani. Sindano ikagusa kumi.

"Josia! Ng'ombe wa watu wataingia kibanjani wale migomba!" Nancy akapiga kelele.

"Tutafunga kwa kamba ya mgomba."

Elieth akaipokea mashine kwa mikono miwili. Ilinuka moshi na ndizi mbivu. Alipoitikisa, kitu kililia ndani. Televisheni ya Josia ilikuwa ile bapa, haina tundu la nyaya za zamani, kwa hiyo pale hapakuwa na namna ya kujua kama ni nzima au imekufa.

"Kaa basi unywe chai," Josia akasema. "Si umepata?"

Akakaa, mashine mapajani, goti linaruka. Ikiwaka, atacheza, na safari hii hakuna wa kumwita. Atafika mwisho wa vifaru. Halafu? Chai ilikuwa haijafika mezani, yeye keshasimama. Lukmani alikuwa anafunga gunia.

"Bwana Lukmani. Jumamosi ijayo unapita wapi?"

"Kule Bukoba, Kagondo. Kwani?"

"Ukikuta kama hii, usiivunje. Nipigie."

"Ma, si umeshaipata uliyokuwa unaitafuta?"

"Nimeipata," Elieth akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Akaokota kipande cha mkaa kwenye kifusi cha jiko, akainama, akaanza kumwandikia namba ya simu kwenye gunia.