Unga wa Saadi Haupokelewi

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kengele ya kazi, Saadi Nandonde anamwagia maji gurudumu la jiwe na kuanza kunoa. Mguu wa kulia unakanyaga, mikono miwili imeshika shoka. Wakata miti wamejipanga nyuma yake. Kila mmoja anaweka shoka lake chini, anasubiri, analiokota, anaondoka. Hakuna anayesalimia.

"Zamani hapa palikuwa baraza," anasema Saadi bila kuinua uso. "Ungekaa hapa ungepata habari zote, kutoka Ruangwa mpaka Masasi. Sasa nasikia jiwe tu."

Hii ni kambi ya mkandarasi mmoja, maili tisa kutoka Nachingwea mjini, mahali ambapo msitu unafyekwa kupisha mashamba ya karanga. Saadi, Mmwera wa Mandawa mwenye miaka thelathini na minne, aliacha ufuta na mihogo yake mwaka 1948. Leo, mwaka wa tatu, anapata shilingi thelathini na mbili kwa mwezi, na posho ya unga, maharage na chumvi kila Jumamosi.

Asiyekwenda kazini hapewi posho, hata kama ameumizwa na kazi hiyohiyo. Kwa hiyo watu wa kambi walijiwekea desturi ambayo hakuna mkubwa aliyewaagiza. Kila Jumamosi, aliyepokea posho humimina kikombe kimoja cha unga katika gunia la wagonjwa. Awe Mmwera, Mmakonde, Myao au Mmakua, Mwislamu au Mkristo, kikombe ni kimoja. Mtunza gunia ni Teodosia, mke wa dereva wa trekta.

Ni miezi mitano sasa kikombe cha Saadi kinakataliwa.

"Jumamosi ya kwanza nilidhani hakuniona. Nikamwambia, 'Mama, mimi bado.' Akafunika mdomo wa gunia kwa kiganja. Akasema, 'Wako nenda nao, baba. Ukapike.' Watu wote wakiangalia."

Kisa kilianza mwezi wa tatu. Mti ulimwangukia Linus, Mmakua aliyevuka Ruvuma kutafuta kazi, ukamvunja mguu. Malori mawili yalikuwa palepale yamepakia mapipa ya mafuta, na madereva walikatazwa kuondoka. Mafuta yalipanda gari. Binadamu alibebwa mabegani kwa machela maili tisa mpaka hospitali ya mjini, akilia kila walipobadilishana wabebaji.

Kesho yake watu waliweka mashoka chini. Walidai jambo moja: gari moja likae tayari kwa ajili ya majeruhi.

Siku ya nne mkandarasi alileta watu wapya arobaini, na mashoka mapya ya dukani. Shoka la dukani bila kunolewa halikati mti wa porini, linaudonoa tu. Nyampara akaenda kwa Saadi. Kufika adhuhuri mashoka yote arobaini yalikuwa yanakata, na kufika jioni mgomo ulikuwa umekufa. Gari halijaletwa mpaka leo.

Miezi yote hii Saadi alikuwa akiwaambia watu kwamba alitishwa kufukuzwa. Mwandishi wa habari hii, alipofika mara ya kwanza wiki mbili zilizopita, aliambiwa hivyohivyo. Kisha Saadi akaacha kukanyaga, gurudumu likasimama lenyewe.

"Futa hayo," akasema. "Nyampara hakunitisha. Alikuja, akaniita fundi. Miaka mitatu ananiita 'wewe'. Siku ile, mbele ya wageni, 'fundi'. Nikanyoosha mgongo, nikanoa."

Mwezi wa sita alishikwa na homa. Akalala siku tano bila posho, akijua hana haki ya kutazamia mtu. Teodosia akaja na bakuli la uji.

"Nikamwuliza, 'Uji huu ni wa gunia?' Akasema, 'Kunywa.' Nikamwuliza, 'Na unga wangu je?' Akasema, 'Kula ni haki ya mgonjwa. Kutoa ni kwa mwenzetu.'" Saadi anajifuta uso kwa kitambaa kilichojaa vumbi la chuma. "Siku zote tano alileta. Nikanywa. Ningeufanyaje?"

Jumamosi iliyopita alisimama tena kwenye foleni na kikombe chake. "Jihadharini, asije akawanoa!" alipayuka mmoja, na watu wakacheka. Linus alikuwa ameketi kwenye gogo karibu na gunia, fimbo mapajani. Saadi akamgeukia, akasema yote kama alivyomwambia mwandishi.

"Rudia," alisema Linus. "Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia. Neno "fundi" pia hakuliruka. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Mimi nilidhani walikupiga," alisema Linus polepole. "Miezi yote hii nilikuwa nakuonea huruma."

Saadi akasogeza kikombe chake kwenye gunia. Teodosia akafunika gunia kwa kiganja. "Leo bado, baba," alisema. "Jumamosi uje."

Hakuwahi kumwambia "uje" kabla ya hapo.

Kabla ya mvua, watu wa kambi watakwenda Nachingwea kudai gari kwa mara ya pili, safari hii mbele ya wakubwa wa wilaya. Wameamua Linus aende mwenyewe, mguu ule uonekane. Hawezi kutembea maili tisa, lazima abebwe. Saadi amemwomba Linus amkubali yeye awe mmoja wa wabebaji, akijua kwamba atakayeonekana siku hiyo huenda akakosa kazi.

"Nikifukuzwa nitarudi Mandawa, ufuta naujua," anasema. "Lakini niende nao kwanza. Yanatakiwa mabega manne. Matatu yameshapatikana. La nne Linus hajalitaja."