Akomodeishen Kinuni

Mjukuu wangu alikuwa anatafuta kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja pale Mikumi, zile za watalii wa mbugani. Aliambiwa kwenye usaili atasomeshwa maneno marefu ya Kiingereza, na sisi ulimi wetu umezoea kukandamiza neno karibu na mwisho, liwe lolote. Basi nyumbani Zombo tukayatia kinuni. Mimi niliishia darasa la pili, lakini kutwanga kwa kupokezana nakujua. Yeye alilikata neno vipande, kila kipande pigo moja. Penye uzito tunashusha mchi kwa nguvu zote. A-ko-mo-DEI-shen. Mahindi yakawa unga, neno nalo likakaa. Lile la KOM-fo-ta-bo lilitutesa, maana pigo zito linatangulia, na mkono haujazoea kuanza na nguvu.

Siku ya usaili tulienda kwa bodaboda, mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja. Msimamizi alikuwa mwanamke wa rika la binti zangu. Hakuniamkia. "Mambo, bibi? Kaa pale kwa mlinzi." Majina ya wote waliokuwepo ninayakumbuka, hata la mlinzi, siyaandiki, wasije wakajiona watu.

Mlango ulikuwa wazi. Nikamsikia mtoto anasoma, hakosei hata moja. Ila penye uzito kisigino chake kinagonga sakafu, na mabega yanapanda na kushuka kama yuko uani.

"We, unafanya nini?"

"Nasoma, madam."

"Unasoma au unatwanga?" Akawaita wapishi na watandika vitanda. "Njooni muone! Haya, rudia hilo la hospitaliti."

Akarudia. Ho-spi-TA-li-ti.

"Pepeta sasa!" mpishi mmoja akapiga kelele. "Chekecha, dada, pumba zimebaki!"

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Nikasimama, mlinzi akanivuta kanga. "Kaa, bibi, utamharibia."

Msimamizi akajifuta machozi ya kicheko. "Unasoma vizuri kuliko huyu niliyenaye mapokezi," akasema, "lakini pale siwezi kukuweka, utanitia aibu. Utaosha vyombo. Na jioni wageni wakiwa wanakula, utakuja kuwatwangia hivyo hivyo. Watapenda. Kinu tunacho, cha mapambo."

Mjukuu wangu akaangalia sakafu. Nikangoja atukane. Mtukane, nikawa nasema moyoni, mtukane tuondoke zetu.

"Nianze lini, madam?" akauliza.