Bwana Sahani na Wageni wa Posa

Kisiwani walimwita Bwana Sahani, na yeye, kwa kutojijua, akadhani anasifiwa. Alikuwa mkuu wa wahudumu katika mkahawa wa ile hoteli ya ufukweni, mkahawa unaojinadi kwamba unapika vya hapa hapa tu: samaki wa hapa, viazi vya hapa, hata chumvi ya hapa. Hilo lilikuwa kweli, sitawasingizia. Kosa lao lilikuwa kuchukua kiazi kitamu, kile kile wanachokula watoto huku wakicheza, wakakikata kipande kimoja chembamba, wakakilaza katikati ya sahani pana kama ungo, wakakidondoshea tone la kitu cha kijani, halafu wakakipa jina refu kuliko mlo wenyewe.

Kazi ya Bwana Sahani ilikuwa kusimama mbele ya meza, mkono mmoja mgongoni, na kukieleza kiazi. Alieleza udongo kilimolala, mvua iliyokinyeshea, na bibi kizee aliyekichimba alfajiri hiyo kwa mikono yake. Bibi kizee huyo alimzua mwenyewe, maana viazi vililetwa kwa pikipiki. Wageni walisikiliza, wakapiga picha, wakameza. Kisha walipanda vyumbani mwao wakaagiza chipsi.

Mtu akifanya upuuzi kwa miaka mingi, mwishowe huuamini. Nyumbani akaanza kumtia mkewe kasoro. Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke asiye na maneno mengi.

"Sahani hii rangi zake hazielewani," Bwana Sahani alimwambia siku moja.

"Baba watoto, kwani unakula rangi?" mkewe akamjibu, akamwongezea mchuzi.

Basi ikaja habari ya posa. Binti yao, muuguzi wa zahanati, alikuwa amependana na fundi umeme mmoja, kijana mtulivu wa upande wa pili wa kisiwa. Wenyewe walishaafikiana, bado wazee tu. Baba wa kijana alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa baba yake mkubwa, seremala, mzee ambaye neno lake likitoka limetoka. Angekuja Jumapili mchana pamoja na shangazi wa kijana.

Mkewe alishawaita dada zake waje kupika. Bwana Sahani akawarudisha makwao.

"Nitawahudumia mimi," alisema. "Wajue wanaoa kwa mtu wa namna gani."

"Wanatoka mbali hao. Watafika na njaa."

"Wewe mambo ya watu wakubwa huyajui."

Binti akamsihi. "Baba, nakuomba. Fanya hayo siku nyingine yoyote. Siku hii ni yangu."

Bwana Sahani akacheka, akampigapiga begani, akaenda zake hotelini kuazima sahani. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimwomba asitie aibu, anadhani unamwonea wivu.

Jumapili wageni wakafika, vumbi miguuni. Aliwapokea akiwa na kizibao chake cha kazini. Akaweka sahani ya kwanza, kipande cha kiazi, akaeleza. Seremala akakitia kinywani, akasubiri chakula. Ikaja ya pili, samaki wa ukubwa wa kidole gumba, juu yake povu la limau. Shangazi akainamia sikio la kaka yake.

"Sabuni hii. Hawakusuuza vizuri."

Ikaja ya tatu, boga lililochanwa nyuzi nyuzi, na maelezo yake yakachukua muda mrefu kuliko boga lilivyochukua kuota. Kisha mwenyeji akakusanya sahani, akainama kidogo, akawatakia mmeng'enyo mwema. Nyuma ya pazia mkewe alikuwa ameziba uso kwa kanga.

Seremala aliitazama meza tupu. Alikuwa mtu wa heshima, asingeuliza. Na kwa watu wa rika lake, kumwonjesha mgeni tonge kisha kumwondolea sahani ni kumwonyesha mlango. Akasimama.

"Tumeshukuru," akasema. "Tumeelewa."

Wakaondoka, na neno la posa hawakulitamka.

"Mmeona?" Bwana Sahani akatamba, mlango ulipofungwa. "Wamekosa hata la kusema!"

Jioni ile fundi umeme alipiga simu. Binti akatoka chumbani, macho mekundu.

"Baba, umenikatalia mchumba."

"Mimi? Nimesema nini mimi?"

"Wazee wake wamemwambia nyumba hii haiwataki. Wamemwambia atafute kwingine."

Akalia, na kilio kile kilimwuma kila aliyekisikia. Binti namhurumia mpaka leo. Baba yake simhurumii hata chembe, kwa sababu alichojibu ni hiki: "Wale hawajui chakula." Akakaa siku kadhaa akingoja waje kumwomba radhi.

Hawakuja. Nyumba ikanuna, binti akawa haongei naye. Mwishowe akapiga pasi shati, akatunga hotuba, akafunga safari kwa seremala kwenda kuwaelimisha.

Alipoingia uani alimkuta mkewe. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, yeye na dada zake, sufuria kubwa zimewazunguka. Seremala alikuwa ameegemea ukuta akijifuta mdomo na kucheka. Binti alikaa ubavuni kwa shangazi, na fundi umeme alikuwa anagawa maji ya kunawa. Mkewe alikuwa amekuja na chakula cha kutosha ukoo mzima, akamwambia seremala waziwazi kwamba mwenye makosa ni mumewe, na mtoto hana hatia. Posa ilikuwa imeshatamkwa, ikajibiwa, ikaisha.

Bwana Sahani akakohoa. "Ndugu zangu, siku ile, kile kiazi..."

"Mzee mwenzangu, kaa kwanza ule," seremala alisema kwa upole.

Akawekewa sahani imejaa mpaka ukingoni. Akafungua kinywa aseme. Binti yake akaja akachuchumaa mbele yake.

"Baba, harusi tumeshaipanga. Watapika mama na mama wadogo, watahudumu kina kaka. Wewe siku hiyo, tunakuomba, uwe mgeni tu."

Akawatazama wote, mmoja mmoja, akitafuta wa kumtetea. Wakaitikia kwa vichwa, bila hasira, kama watu wanaomtuliza mgonjwa, na mkewe akamwongezea wali.