Shati la Safari

Dobi wetu tulimwita Mstari. Jina hilo halikuwa heshima wala dharau, lilikuwa uvivu wetu tu. Kujua jina lake halisi ilibidi umuulize, na kumuuliza kungekuwa mwanzo wa mazungumzo, na kuzungumza na Mstari kulikuwa kama kuzungumza na kabati. Ulimpa suruali, ukasema "jioni", akaitika kwa kichwa. Jioni uliikuta suruali imechorwa mstari kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, mkali kiasi cha kuogopa kupiga magoti usije ukajikata. Ukalipa, ukaenda zako. Hakuna aliyemwambia ahsante, maana nani analishukuru bomba kwa kutoa maji?

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi lililoungua hapa na pale, ndoo ya maji ya wanga, na pasi ya mkaa ya chuma, nzito, ya kurithishana. Chumba cha nyuma alilala. Mkewe alikuwa amefariki zamani, hata picha yake ukutani ilishaanza kupauka. Alimwachia urithi mmoja tu, nao ni kaka yake.

Shemeji huyo alikuja msibani kumfariji mfiwa, akasahau kuondoka. Alishinda kwenye benchi la mlangoni, mguu juu ya mguu, akila kwa mikono miwili na kufanya kazi kwa mdomo.

"Shemeji, hiyo pasi unaisukuma kama unamsindikiza bibi kizee sokoni."

Mstari anapuliza mkaa.

"Sijui dada yangu alikupendea nini. Labda alikuwa na shida ya usingizi."

Mstari anageuza mkono wa shati, ananyunyiza maji, anaendelea. Tukipita tulimwonea huruma kwa kufuga kupe. Hatukufikiri kwamba kwa mtu asiyesemeshwa na yeyote, hata matusi ni redio.

Siku moja jioni redio ikatangaza.

"Shemeji, nimepata mtu."

"Mtu gani?" akauliza Mstari, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

"Mwanamke. Mjane, ana nyumba yake, na nikiongea anacheka. Kesho naondoka na basi la kwanza."

"Utarudi lini?"

"Nirudi kufanya nini? Humu hata mende wamehama kwa upweke."

Mstari aliishika pasi bila kuisukuma, mpaka blanketi likaanza kunuka. Kisha akasema, "Basi acha nikunyooshee shati la safari."

"Si hili hapa mwilini? Au utalinyoosha nami nimo?" Shemeji alikuwa bado anacheka alipoinama kutafuta viatu vyake chini ya benchi.

Pasi ilipanda, ikashuka mara moja. Mstari hakuwa na tabia ya kupitisha pasi mara mbili mahali pamoja.

Kimya kilichofuata hakikufanana na kimya alichokizoea. Mtu alikuwa hataki kuachwa, na sasa alikuwa ameachwa zaidi ya pale mwanzo. Alikaa kwenye benchi, upande wake wa kawaida, kana kwamba mwenzake angemalizia kicheko. Baadaye macho yake yakaangukia kola ya shati la shemeji. Ilikuwa imeharibika. Na alikuwa amesema atalinyoosha, na ahadi ni deni.

Akalivua. Akalifua kwa maji baridi, maana damu ukiipa maji ya moto inakaa kama mpangaji sugu. Akalitia wanga, akalikausha juu ya mkaa, akalinyoosha mikono yote miwili, mstari kwa mstari. Akamvisha shemeji yake taratibu, akamfunika kofia kichwani. Huku akimvisha alimweleza mambo mengi kuliko aliyowahi kumwambia akiwa hai: kuhusu dada mtu, kuhusu mgongo unaomuuma, kuhusu sabuni za siku hizi zisizo na povu.

Kila alfajiri Mstari alisukuma toroli la mashuka kwenda kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi. Alfajiri ile alilisukuma kama kawaida. Tulioamka mapema tulimpisha. Muuza magazeti alimsaidia hata kulivusha mtaroni, akasema, "Leo mashuka yako mazito kama yameloa, mzee," akaenda zake.

Basi la kwanza lilipokaribia kuondoka, wapigadebe wawili walimwona abiria nadhifu amekaa ameegemea ukuta nyuma ya kibanda cha tiketi, begi mapajani. "Mzee, unakwenda?" Hajibu. "Mzee, siti ya dirishani ipo." Hajibu. Mmoja akamwambia kwamba kiburi cha shati jeupe hakimfikishi mtu popote. Wakamgombea, huyu anavuta mkono, yule anavuta begi. Begi lilitoka kirahisi. Mkono ndio uliokuja na mwenyewe mzima, mgumu kama kiti.

Ndivyo mtaa wetu ulivyopata marehemu, na Mstari akapata wageni. Duka lilijaa. Watu walimshika bega, wakamchemshia chai, wakakaa kwenye benchi la shemeji na kusimulia jinsi walivyompenda mtu ambaye jana yake walikuwa wakimwita kupe. Mwanamke mmoja alimuuliza Mstari kama amekula. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo tangu mkewe azikwe. Aibu kusema, lakini mfiwa alikuwa na raha.

Inspekta aliyepewa kesi hakuwa mjinga, na ndiyo maana alikosea. "Kichwa kimepasuka," alitueleza nje ya duka, "lakini kola ni nyeupe kama maziwa. Nani anamuua mtu halafu anamfulia? Ni dobi." Tukashusha pumzi kwa heshima. "Sasa niambieni, dobi hodari hapa ni nani?"

"Mvuke," tukajibu kwa pamoja.

Mvuke alikuwa dobi wa ng'ambo ya barabara, kijana mwenye mlango wa vioo na pasi ya umeme inayofoka mvuke kama nyoka aliyekanyagwa. Nusu yetu tulijibu hivyo tukiwa tumevaa suruali za Mstari.

Mvuke akakamatwa, na msiba ukahama. Watu wote walikwenda kusimama nje ya kituo cha polisi kumtazama akiingizwa na kutolewa. Benchi likabaki na vikombe vichafu vya chai. Jioni ya siku hiyo mtu pekee aliyeingia dukani ni inspekta mwenyewe, kumpa mfiwa habari.

"Tumempata, mzee. Na sababu anayo. Marehemu alikuwa anamchokoza kila siku."

"Anamchokoza vipi?"

"Anasimama kwenye mlango wake wa vioo, anawaambia wateja: mvuke ni wa kuivishia viazi, nguo pelekeni kwa shemeji yangu, dunia nzima hakuna mkono kama ule. Mpaka Mvuke akaapa mbele za watu kwamba atamfunga mdomo."

Mstari aliweka pasi chini. "Alisema hivyo? Mkono kama ule?"

"Mashahidi wapo wengi."

"Kwangu hakuwahi kusema."

"Watu ndivyo walivyo, mzee." Inspekta akasimama, akavaa kofia yake. "Ila lile shati, uongo dhambi, yule kijana ni fundi. Mstari kama ule ni wa mashine. Mkono wa binadamu hauutoi."

Asubuhi yake Mstari alifunga duka, akaenda kituoni. Inspekta alidhani amekuja kuuliza mambo ya mazishi.

"Lile shati nimelinyoosha mimi," akasema Mstari.

"Mzee wangu, majonzi haya. Nenda kapumzike."

"Si kazi ya Mvuke. Mvuke anavunja kola." Akafikiri kidogo, kama mtu aliyesahau kitu dukani. "Na shemeji pia nilimuua mimi."

Konstebo mmoja alicheka. Inspekta hakucheka, lakini hakuamini pia. Mtu asiyeweza kudai chenji yake amuue nani? "Kwa pasi ya mkaa, mzee? Ule mstari?"

"Nileteeni pasi."

Ikaazimwa kwa mama anayeuza chai nje ya kituo. Ilipokosekana nguo ya kujaribia, inspekta, aliyependa ushahidi, akavua suruali yake ya sare na kukaa nyuma ya meza akiwa amejifunga taulo. Mstari akatandika blanketi la mahabusu, akanyunyiza maji, akaanza. Polisi wakamzunguka mmoja mmoja.

"Tazama hiyo. Inakata nyanya."

"Mzee, na yangu usiisahau."

"Panga foleni, wewe. Mimi nilikuwepo tangu mkaa unawashwa."

Walimtania, naye akatabasamu. Alinyoosha sare za kituo kizima, na hakuna aliyekumbuka kilichomleta mpaka inspekta alipoweka suruali yake kando ya shati la marehemu. Mistari ilikuwa ndugu wa baba mmoja, mama mmoja. Inspekta alivaa suruali kwanza, ndipo akamkamata.

Alihukumiwa kifungo cha maisha. Sisi tulipeleka suruali zetu kwa Mvuke, tukalalamikia kola, tukazoea. Gerezani Mstari alinyoosha sare za maaskari katika chumba cha peke yake, kwa sababu mfungwa mwenye pasi hawekwi karibu na wenzake. Siku za wageni alikaa chumbani akisikiliza majina ya wengine yakiitwa.

Siku moja likaitwa lake. Ng'ambo ya wavu wa chuma alikuwa amekaa Mvuke.

"Nimekuja kuona uso wa mtu aliyetaka ninyongwe."

"Si nilikuja kusema?"

"Ulikuja kwa ajili ya mstari, mzee. Si kwa ajili yangu."

"Ndiyo," akakiri Mstari.

Mvuke akaguna, kisha akashindwa kujizuia, akacheka. Kabla ya kuondoka akauliza kama mtu asiyetaka sana kujua: "Hivi ule mstari unaupataje?"

Siri haikuwepo, ni mkono mzito na subira, basi. "Maji," akasema Mstari. "Lazima yalale kwanza. Mengine nitakwambia ukija tena."

Mvuke akaja tena. Akaambiwa habari ya wanga. Safari nyingine habari ya blanketi, safari nyingine upande wa kusimama. Mtu ambaye hakuwahi kutunga hata kisingizio akawa anakesha akitunga masharti ya pasi. Na Mvuke, sijui kama aliyaamini, alikuwa anakaa mpaka kengele ya mwisho, mguu juu ya mguu, akimtania jinsi alivyokonda, akimletea habari zetu na ubishi wetu. Askari walisema Mstari siku hizo ana sauti.

Kisha Mvuke alikuja akiwa amenyoa vizuri.

"Mzee, nimepata mtu," akasema. "Ana duka mji mwingine. Nahamia huko mwezi ujao, nadhani hatutaonana tena."

Mstari alitazama mikono yake, akaikunjua juu ya mapaja, taratibu, kama anayetafuta pindo la shati.

"Basi siku ukija kuniaga," akasema, "njoo na shati la safari. Nikunyooshee."

Mvuke akacheka, akaahidi kulileta. Alipoinuka aliupigapiga ule wavu kwa vidole, kumuaga mzee, na hakujua kuushukuru.