Barua Iliyotokea Chumba cha Pili

Ukiingia kwenye lile jengo la nyuma ya posta, ukampita kinyozi, ukampita fundi viatu, utakuta milango miwili imekaa bega kwa bega. Wa kwanza ni wa Bi Chapa na wa pili ni wa Radi. Kati yao kuna ukuta wa mbao nyembamba, kiasi kwamba mmoja akipiga chafya upande wake, mwenzake upande wa pili anashtuka.

Bi Chapa anataipu. Barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga nyumba, risala za harusi, ripoti za wanafunzi wanaoleta karatasi zilizokunjwa mara nane. Radi anatoa kopi, anavika vitambulisho plastiki, anatoboa na kufunga vitabu, na anatoa picha kutoka kwenye simu za wateja. Lakini kutaipu, hapana. Mteja akimletea karatasi ya kuchapwa, Radi humwonyesha mlango wa jirani kwa kidevu na kusema, "Hiyo mpelekee mwenzangu hapo." Ndivyo Bi Chapa alivyokuwa akila kwa miaka kumi na moja, nusu ya wateja wake wakitumwa na mwanamke ambaye yeye alishindwa kumtazama machoni.

Waliowajua zamani walishangaa kwamba Radi hataipu. Radi hakuitwa Radi kwa sababu ya sauti wala hasira. Aliitwa hivyo kwa vidole vyake.

Walikutana wakiwa wasichana kwenye chuo cha uhazili, mahali ambapo mwalimu aliwafunika mikono kwa kitambaa cheusi ili wasichungulie herufi, kisha akawagongea meza kwa rula kuwapigia mwendo. Wote walikuwa wakifuata rula. Radi alikuwa akiitangulia. Mwalimu alimgombeza, akamgombeza, mwisho akachoka, akakaa chini amsikilize tu.

Wakaajiriwa ofisi moja, kwenye chumba cha wapiga chapa chenye mashine sita. Enyi mnaosema ofisi za siku hizi zina kelele, hamjui kitu! Mashine sita zikipiga kwa pamoja, kila moja ikilia kengele yake mwisho wa mstari, ilibidi mtu aombe wembe wa kukwangulia makosa kwa ishara. Vidole vilikuwa vya bluu kwa kaboni mpaka Jumapili. Wawili hao walikaa meza za kugusana, na kwa kuwa mishahara ya kwanza ilikuwa bado haijakutana na mahitaji, walikuwa na jozi moja tu ya viatu vya heshima. Viatu vyeusi, kisigino kifupi. Aliyeitwa na mkuu wa ofisi kwenda kuandika maelezo ndiye aliyevivaa. Mwenzake alibaki na ndara, miguu ameificha chini ya meza, anaomba Mungu asiitwe naye. Walicheka kwa ajili ya viatu hivyo mpaka machozi yakawatoka juu ya karatasi, wakalazimika kuanza barua upya.

Bi Chapa hajawahi kuwa na furaha kama ile tena. Si kwenye ndoa yake, ambayo ilikuwa nzuri, wala kwa watoto wake, ambao wana adabu. Anajua ni jambo la aibu kulisema, kwa hiyo halisemi.

Halafu ikaja ile barua ya usaili. Watu thelathini walikuwa wanaitwa kwenye usaili wa kazi tarehe kumi na nne. Barua ilichapwa kwenye stensili, ile karatasi ya nta unayoipiga mara moja ikakutolea nakala zote, na kosa lako likatoka nalo mara zote. Ikasomeka tarehe ishirini na nne. Watu wakaja siku kumi baadaye wamevaa nguo zao nzuri, wakakuta nafasi zimeshajaa. Mmoja wao, baba mtu mzima, alikaa kwenye ngazi za ofisi na bahasha yake mpaka wanafunga.

Mkuu wa ofisi akaingia chumba cha wapiga chapa na nakala mkononi. Siku hiyo ya kuchapa, Bi Chapa na Radi waligawana mafaili nusu kwa nusu na hakuna aliyeandika nani kapiga lipi. Mkuu hakuhangaika kuuliza sana.

"Radi, hii spidi yako ndiyo imetuponza," alisema.

Radi akaipokea karatasi, akaitazama kwa muda mrefu. "Labda ni mimi, mkuu," akasema. "Sikumbuki. Lakini labda ni mimi."

Bi Chapa alikuwa anakumbuka. Alikumbuka hata kidole. Mchana ule mchumba wake alikuwa amesimama getini akimsubiri, naye jicho moja lilikuwa stensili, jicho la pili dirishani, na kidole kikateleza kutoka moja kwenda mbili. Mdomo ulikuwa wake na ulimi ulikuwa wake, lakini alikaa kimya, maana harusi ilikuwa karibu na kumwaga unga wakati ule aliona ni kifo. Radi akahamishiwa masjala kupanga mafaili. Hakugusa mashine tena.

Msidhani waligombana. Ingekuwa afadhali. Bi Chapa alianza kula chakula cha mchana saa nyingine, basi. Akawa na haraka kila akikutana naye kwenye korido. Salamu zikabaki za mlangoni, "hujambo", "sijambo", na urafiki ukafa kimya kimya bila hata mtu kuuzika. Radi alipostaafu akafungua chumba chake cha kopi. Mwaka uliofuata Bi Chapa naye akastaafu, na katika mji mzima wenye vyumba vya kupanga tele, akaenda kuchukua cha ubavuni pake. Alijiambia atasema siku ya kwanza. Ikapita. Akajiambia wiki ya kwanza. Ikafika miaka kumi na moja.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi Radi alikuwa anahama. Binti yake alikuwa amepata mapacha mji wa mbali, bibi akahitajika. Kibao cha mlangoni kilishang'olewa, kimebaki kivuli cheupe ukutani. Bi Chapa alikuwa na siku mbili za kusema jambo la miaka thelathini na moja.

Kwa mdomo hakuweza, akaamua kuandika. Kwa siku tatu alikuwa na barua ile kwenye kompyuta. Aliandika habari ya kitambaa cheusi, ya rula, ya viatu, na ikaja vizuri, ikatiririka. Kisha akaandika: "Sasa nikuambie habari ya ile tarehe. Ukweli ni kwamba". Hapo ndipo ilipokwama. Kijistari cha kuonyesha mahali pa kuandika kilisimama pale kinamkonyeza siku tatu, na yeye anakitumbulia macho.

Ili mambo yazidi kunoga, Jumatano printa yake ya zamani ikakata roho. Muuzaji akamletea mpya, ndogo, nyeupe, isiyo na waya wa kuunganisha na kompyuta.

"Hii ni ya bluetooth, mama," alimwambia. "Inashika hewani. Hata huyo mama wa jirani nimemuuzia hii hii, wateja wanamrushia picha kutoka kwenye simu zao."

Akamwandikia hatua kwa kalamu juu ya kifuniko cha boksi, akaondoka zake.

Bi Chapa akavaa miwani, akafuata hatua moja baada ya nyingine, kwa utii wa mtu aliyelelewa kwa rula. Kwanza, bonyeza kitufe cha printa ukishikilie mpaka taa ya bluu iwe inawaka na kuzima. Akabonyeza. Lakini kidole kilichozoea herufi hakijui kushikilia, kinajua kugusa na kuondoka. Taa ikapepesa mara mbili, ikalala. Yeye hakuona, alishaigeukia kompyuta. Fungua mipangilio. Washa bluetooth. Bofya "ongeza kifaa". Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha majina yakaanza kutokea: televisheni ya kinyozi, simu ya mtu aliyejiita Simba wa Mtaa, na chini kabisa jina la printa, herufi nne na tarakimu nne. Akainua boksi, akalinganisha tarakimu kwa tarakimu, maana tarakimu zilishamponza. Zilikuwa zile zile. Akabofya. Kompyuta ikaandika: imeunganishwa.

"Kumbe ndiyo haya tu!" akasema kwa sauti.

Akahitaji kitu cha kujaribia, na kilichokuwa wazi kwenye kioo ni ile barua. Akaona ni sawa. Mpiga chapa wa zamani hafikiri vizuri mpaka aone karatasi. Pengine akiishika mkononi, sentensi ile itapata mwisho. Akabofya kuchapisha.

Printa ikanyamaza. Akabofya tena. Kimya. Akaisogelea, akaipiga kofi dogo la ubavuni kama mtoto anayesinzia, akabofya mara ya tatu.

Ndipo akasikia, upande wa pili wa ukuta wa mbao, krrr, krrr, karatasi ikitoka. Alidhani Radi anamtolea mteja picha. Kisha ikatoka nyingine. Akili ikamrudia taratibu, na maneno ya muuzaji yakaja nyuma yake: huyo mama wa jirani nimemuuzia hii hii. Akaitazama taa ya printa yake. Haikuwaka hata kidogo. Upande wa pili ikatoka karatasi ya tatu.

Alisikia kiti cha Radi kikisogezwa. Halafu hakusikia kitu. Ukurasa mmoja Radi alikuwa akiusoma kwa nusu dakika, siku zote. Zilipita dakika, na nyingine, na Bi Chapa amesimama katikati ya chumba, mkono uko kifuani, hajui akimbie au akae.

Mlango ukafunguliwa. Radi alisimama pale na karatasi tatu mkononi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Ukurasa wa pili uko wapi?" aliuliza.

"Haupo."

"Haupo vipi? Umeniandikia mara tatu na zote zimekatika mahali pamoja. 'Ukweli ni kwamba.' Kwamba nini?"

"Sijaandika bado."

"Basi sema."

Bi Chapa akasema. Alisema vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, getini, dirishani, mchumba, kidole. Alinyoosha na kidole chenyewe akakionyesha. Radi akakaa taratibu kwenye benchi la wateja.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nilikuwa na hakika siku ile ile, mkuu akiwa bado amesimama."

"Na ukaniacha niseme labda ni mimi."

"Nikakuacha."

Kinyozi alikuwa akicheka na mtu huko nje. Radi alizipanga zile karatasi tatu juu ya magoti, akazilinganisha kingo.

"Unajua kwa nini niliacha kupiga chapa?" akasema. "Kukosea ningejisamehe, nani hakosei? Lakini mimi kosa lile nilikuwa silikumbuki kabisa. Nikasema, kumbe vidole vyangu vinafanya mambo bila mimi. Watu thelathini! Yule baba wa kwenye ngazi! Nikaviogopa. Mpaka leo, mteja akinipa karatasi, namwonyesha mlango wako." Akazikunja zile karatasi. "Na wewe ulipoacha kula na mimi, nikajua unanionea aibu."

Bi Chapa akaanza kulia.

"Usilie kwanza," Radi akamwambia kwa ukali. "Nina hasira na wewe. Ukilia utanivurugia."

Bi Chapa akajikaza, akapenga kamasi. Radi akainuka. Hakuelekea mlangoni. Alizunguka meza, akasimama nyuma ya kompyuta, akaitazama ile sentensi na kile kijistari kinachokonyeza.

"Sogea."

"Unataka nini?"

"Nimesema sogea."

Bi Chapa akasogea. Radi akakaa kwenye kiti, akavuta kibodi karibu, akashusha miwani. Aliviweka vidole juu ya ile safu ya katikati, kimoja kimoja.

"Sema," akasema. "Ukurasa wa pili nitaupiga mimi."

Bi Chapa akashika ukingo wa meza.

"Ile tarehe ya usaili niliikosea mimi," akasema, "na mwenzangu aliposimamishwa mbele ya mkuu kwa kosa langu..."

Herufi zililia moja moja, kwa woga. Kisha mbili mbili. Kisha zikalia zote, na zikakoma ghafla.

"Endelea," Radi akasema bila kugeuza kichwa. "Nimeshafika hapo zamani, nakusubiri wewe."