Kifaru Kilichotazama Mombasa

Mume wangu alistaafu jeshini mwishoni mwa miaka ya themanini, akarudi nyumbani Kambu. Mimi nilikuwa fundi wa nguo, na cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka, kando ya barabara kuu ya kwenda Mombasa. Yeye alikuwa dereva wa kifaru cha vita, lakini ukimuuliza kazi ile ilikuwaje, anakujibu neno moja tu, kisha anaenda kuangalia mbuzi.

Siku moja akaniomba karatasi za manila nilizokuwa nikichorea vipimo. Akakaa mwisho wa meza yangu, akaanza kukata kifaru kidogo. Tumbo lilikuwa rahisi, ni kama sanduku. Kichwa kinachobeba mzinga ndicho kilimtesa. Kilitakiwa kiwe cha mviringo, na kila akikunja karatasi inajikunyata. Akararua kimoja, akararua kingine.

"Lete hapa, Baba," nikamwambia. "Hiyo ni kama kifua cha blauzi. Ukate pembe tatu, halafu ushike kingo pamoja. Ndio itavimba."

"Wewe kifaru umekiona wapi?"

"Sijakiona. Nimeona wanawake."

Akacheka mpaka mkasi ukaanguka.

Tangu hapo tukawa tunafanya pamoja, jioni wateja wakiisha. Nilipokuwa nakata, alikuwa akisimulia bila kuulizwa. Dereva alikaa kama amelala chali, akitazama dunia kupitia tundu jembamba kama mdomo wa kopo la sadaka. Akiwa humo alikuwa akiimba nyimbo za kanisani, akisahau kwamba wenzake wanamsikia kwenye waya za masikioni. Hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimejua hayo.

Mvua za Novemba zilipokuja, unyevu ukaingia kwenye gundi ya unga tuliyobandikia, na mzinga ukainama kama jani la mahindi. Akaenda kuangalia mbuzi. Nikaenda kwa jirani aliyekuwa akirekebisha bodi za malori, akanipa mabaki ya kitambaa cha faiba, kile cha nyuzi za kioo, na mkebe wa ile dawa yake inayoganda.

Tukanyoosha mzinga kwa kijiti. Mimi nikakata kitambaa, yeye akapaka dawa kwa brashi. Harufu ilitutoa machozi. Vumbi la faiba liliniingia mikononi, na Jumapili nilijikuna mahubiri yote, mama mchungaji akinitazama.

Asubuhi baada ya kupaka, kifaru kilikuwa kigumu kama sufuria. Mume wangu akakigonga kwa kidole, akatabasamu. Kisha akajaribu kukizungusha kichwa, kikakataa. Tulikuwa tumekipaka dawa mpaka shingoni, kikashikana na tumbo.

"Nilete kisu?" nikamuuliza.

Akakishika kifaru, akakigeuza huku na huku.

"Wacha, Mama. Kitakuwa kinatazama Mombasa."

Akakipaka rangi ya kijani, akakiweka dirishani katikati ya magauni.