Chupa ya Damu Niliyomnyima Kamugisha

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na sitaki initoke. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, nami kijana wa Kishanda mwenye mabega ya kubeba mikungu miwili. Rafiki yangu Kamugisha alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, fizi zinavuja damu, uso umepauka.

Kamugisha hakuwa rafiki wa kunywa naye tu. Tulikuwa tumefanya omukago, udugu wa damu wa wazee wetu: tunda moja la kahawa, punje zake mbili, kila mmoja anapaka punje damu yake na mwenzake anaimeza. Tuliapa mbele ya watu kwamba akiomba mmoja, mwingine hatamnyima.

Daktari, Mhaya mwenzetu aliyesoma, akatupima. Damu ya mama yake Kamugisha, Ma Paskazia, ikakataa. Yangu ikakubali. Nikauliza, basi damu ya Kamugisha imekwenda wapi?

"Haijaenda popote. Haitengenezwi tena," akasema. "Ndani ya mfupa kuna uboho, na ndani ya uboho kuna chembe mama. Wewe ni mkulima. Ukikata mkungu, mgomba ule umekwisha, lakini tunguu lililo ardhini linatoa chipukizi. Chembe mama ndizo tunguu la damu. Zinajizaa zenyewe, tena zinazaa damu ya kila aina. Za Kamugisha zimekufa."

"Haziwezi kupandikizwa nyingine?"

"Ng'ambo wanajaribu, kwa uboho wa ndugu wa tumbo moja. Hapa hatuwezi. Kesho asubuhi nipe chupa moja ya damu yako, apate nguvu ya kuvuka ziwa kwenda hospitali kubwa. Siahidi kwamba atapona. Ila yako itarudi. Tunguu lako ni zima."

Laiti ningenyoosha mkono palepale! Nikasema kwanza niombe ruhusa nyumbani. Baba mdogo aliyenilea, Ta Bashaija, alicheka mpaka akakohoa.

"Chupa? Omukago ni tone, mpumbavu wewe! Utarudi umekauka, nikuanike wapi, juu ya dari pamoja na maharage?"

Ishengoma, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa pale na kibuyu chake cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akadakia kwamba watu wa misheni huiuza damu hiyo Ulaya. Alisema kama mtu aliyeshuhudia, na hakuwa ameshuhudia kitu. Nawataja kwa majina yao, Bashaija na Ishengoma, na wa tatu ni mimi, kwa sababu masikio yalikuwa yangu na miguu ilikuwa yangu.

Asubuhi miguu hiyo ikanipeleka Kanazi, kwa shangazi. Nikapalilia migomba yake siku tatu bila kuombwa. Siku ya nne zikaja habari za msiba.

Ma Paskazia alikuwa ameketi chini matangani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Karibu, mwanangu. Kila mlango ulipofunguliwa aliuliza kama umefika. Nikamwambia uko njiani. Nimemdanganya mtoto wangu akiwa anakufa, kwa ajili yako. Kaa, ule."

Sikula.

Miaka michache baadaye panga likanikata mguu shambani. Ilimwagika damu kushinda chupa ile, ikaingia ardhini, haikumsaidia mtu. Baada ya majuma kadhaa nikawa nabeba mikungu tena. Hapo ndipo nilipoamini maneno ya daktari, nikatamani nisingeyaamini.

Chembe hizo wasomi wanaziita seli shina. Nasikia ng'ambo uboho wa ndugu hutiwa kwenye mshipa wa mgonjwa, nao hujitafutia mfupa, ukaanza kuzaa damu mpya. Wapo waliopona. Wapo waliokufa vilevile. Wasomi wanatumaini siku moja seli hizo zitatibu mengi zaidi, na akija mtu kukuuzia leo dawa ya kila ugonjwa kwa jina hilo, mfukuze.

Ninalokuusia ni hili, mwanangu. Jambo la mwili muulize aliyejifunza mwili, usimuulize mwenye kibuyu cha pombe. Ukiombwa damu hospitalini na ukapimwa ukafaa, toa siku hiyohiyo, kabla hujarudi nyumbani kutafuta mtu wa kukutisha. Woga nao hutafuta ruhusa.

Mungu akujalie mifupa mizima. Na mgonjwa akikuulizia, akukute umekwisha kufika.